Karatasi ya Kumi na Saba

Barua haikuwa na jina wala sahihi. Ilikuwa na mistari michache tu iliyopigwa kwa mashine, ikafika ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa jiji Jumatatu ndani ya bahasha ya kawaida. Leo ilikuwa Alhamisi, na Odessa Pruitt, mpelelezi wa ofisi hiyo, alikuwa ameikunja na kuikunjua mpaka imeanza kuchanika katikati.

"Jaji Wanda Kosek aliketi kusikiliza shauri tarehe tatu Machi 2016, chumba namba nne. Siku hiyo alikuwa hajatimiza miaka mitatu ya uwakili inayotakiwa na sheria ya jiji. Amri aliyoitia sahihi ni batili. Tazameni faili lake kabla hamjampa kiti."

Kiti chenyewe kilikuwa cha Jaji Mkuu wa Ofisi ya Mashauri ya Port Ansel, ofisi inayoamua ugomvi wa watu na jiji lao: faini za maegesho, leseni za mikahawa, majengo mabovu, mbwa wanaouma. Waombaji walikuwa wamebaki wawili, na madiwani wangepiga kura saa nane mchana.

"Nataka ripoti mezani saa sita kamili," bosi wake, Bwana Haverty, alikuwa amemwambia asubuhi ile, theluji bado iko mabegani mwake. "Ikiwa ni kweli, Odessa, atakosa zaidi ya kiti. Mama wa watu atavuliwa joho, na leseni ya uwakili itafuata."

"Na ikiwa si kweli?"

"Basi kuna mwongo humu ndani, na mshahara wake tunaulipa sisi."

Saa mbili na nusu Odessa alikuwa ameketi kando ya dirisha la Delphine Tuggle, karani wa ghorofa ya chini, mwenye funguo za kabati la mafaili ya watumishi. Delphine alimsukumia faili la Kosek bila kumtazama, akaendelea kugonga muhuri.

Odessa alilifungua, akaanza na karatasi ya juu. Ilikuwa ombi la kazi la msichana wa miaka kumi na tisa, mwandiko wa duara, akiomba kukaa dirisha la kupokea faini. Chini yake barua ya kumwajiri. Kisha miaka kumi na moja ya dirishani: cheti cha kutochelewa, onyo moja kwa kumjibu mteja vibaya, na barua ya mteja yuleyule akikiri kwamba yeye ndiye aliyeanza. Kisha ruhusa ya kutoka saa kumi na moja kila siku kwenda kusoma sheria masomo ya jioni, miaka minne. Kisha matokeo ya mtihani wa uwakili: ameshindwa. Miezi sita mbele, mengine: amefaulu. Kiapo cha uwakili, Novemba 2013. Hati ya kukabidhi ufunguo wa kabati. Barua ya kuacha kazi, akaenda kutetea wapangaji katika ofisi ya wakili mmoja wa mtaa wa pili. Januari 2016 aliomba kurudi, safari hii kwa mlango mwingine: mafunzo ya ujaji.

Hapo ndipo faili lilipokuwa nene. Anayetaka kuwa jaji wa jiji huketi vikao arobaini kama mwanafunzi, kando ya jaji mzoefu anayeitwa mlezi. Mwanafunzi anaweza kuuliza maswali, anaweza hata kuandika amri na kutia sahihi yake, ila kila kikao lazima kiwe na karatasi ya ulezi yenye sahihi ya mlezi. Kwa karatasi hiyo, amri ni ya mlezi. Bila karatasi hiyo, mwanafunzi amejifanya jaji.

Baada ya hizo zilifuata barua za kupanda cheo: Januari 2017, jaji wa muda, wa kuitwa kwa siku; 2019, jaji wa kudumu; na chini kabisa, ombi la mwezi uliopita, la kiti cha Jaji Mkuu. Lilisomeka vizuri faili lile, toka mwanzo hadi mwisho, mpaka kahawa ya Odessa ikapoa.

Alirudi kwenye karatasi za ulezi, akalamba kidole, akazihesabu. Thelathini na tisa. Akazihesabu tena kwa namba zake. Kumi na sita ilikuwa ya tarehe mosi Machi. Kumi na nane ilikuwa ya tarehe nane. Ya kumi na saba haikuwepo.

"Delphine, nani mwingine ameshika faili hili?"

"Daftari hilo hapo, shoga. Macho unayo."

Odessa alilivuta daftari. Kwa wiki tatu hakuna aliyeandika kwamba amechukua faili la Kosek.

"Na kabati likiwa wazi, wewe uko wapi?"

"Hapahapa, nagonga muhuri. Nikienda kula nalifunga."

"Wewe na Jaji Kosek mlikaa dirisha moja, nasikia."

Muhuri ukasimama hewani. "Miaka tisa. Yeye kiti kile, mimi hiki. Yeye akaenda kusoma, mimi nikaenda kulea watoto wa dada yangu. Leo akipita hapa namwita Mheshimiwa, na muhuri mimi ninao uleule."

"Inauma?"

"Sasa unauliza swali au unatafuta mwizi?" Delphine aliugonga muhuri kwa nguvu. "Kama ni mwizi, tafuta mwenye faida. Wanda akianguka, mimi sipandi hata ngazi moja."

Odessa aliandika kwenye daftari lake: *Delphine. Ufunguo. Kinyongo?* Akalibeba faili chini ya kwapa, akapanda ghorofa ya tatu.

Jaji Wanda Kosek alikuwa akila maandazi madogo ya viazi kutoka kwenye mkebe, amesimama, joho limetundikwa nyuma ya mlango. Alikuwa mfupi, nywele zimekatwa karibu na masikio, sauti yake ya chini.

"Nina mashauri ya mbwa saa tatu na nusu," alisema. "Kaa, Bi Pruitt. Nimesikia kuna barua."

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa jengo zima."

Odessa hakukaa. "Tarehe tatu Machi 2016. Chumba namba nne. Shauri la jengo la Fenske, lililojaa maji chini."

"Lililopasuka tanuri la maji ya moto. Nakumbuka. Nilikuwa mwanafunzi, mlezi yuko kando yangu."

"Nani?"

"Karatasi inasema nani?"

"Karatasi haipo."

Jaji Kosek aliliweka andazi chini. Alifuta vidole kimoja kimoja kwa leso ya karatasi, polepole mno, Odessa aliona, kwa mtu asiye na kosa.

"Basi sina la kusema," alisema.

"Jaji, madiwani wanapiga kura leo."

"Najua ni leo."

"Humkumbuki mlezi, au hutaki kumtaja?"

"Walikuwa watatu wakipokezana, na siku ile namkumbuka ni yupi. Lakini kila siku ya Mungu watu wanasimama mbele yangu wananiambia, 'Mheshimiwa, nakumbuka vizuri kabisa.' Mimi nawajibu, kumbukumbu bila hati siipokei. Nawanyima leseni kwa maneno hayo. Leo shingo ni yangu, ndiyo nibadilishe kanuni?"

"Itakugharimu kiti. Labda na joho."

"Nimekusikia."

"Mwanafunzi hapewi nakala ya karatasi ya ulezi?"

"Hapewi, na haruhusiwi kuiona. Anayoandika mlezi ni siri ya mlezi na faili."

"Kwa hiyo hujui kilichoandikwa kwenye ya kumi na saba."

"Sijui."

"Inawezekana kimeandikwa kitu kibaya juu yako."

"Inawezekana sana. Siku ile nilisahau kuwasha kinasa sauti, dakika nne nzima." Alivaa joho, akafunga vifungo. "Na kabla hujauliza, ufunguo wa kabati niliurudisha."

"Hati nimeiona."

"Basi hati umeiamini," alisema Jaji Kosek, akatoka.

Odessa alisimama peke yake katika chumba kile chenye harufu ya kitunguu. Mtu anayeweza kujiokoa kwa jina moja akalimeza, au ana msimamo wa chuma au ana kitu anakificha. Na aliyewahi kushika ufunguo miaka kumi na moja anaweza kuwa na ufunguo wa pili.

Walezi watatu hakupata shida kuwajua. Sahihi zao zilikuwa kwenye zile thelathini na tisa. Mmoja alikuwa amefariki, na jina lake lilianza kuonekana Juni tu. Wa pili alikuwa amestaafu akahamia Arizona kukimbia baridi, na alipokea simu kwa furaha ya mtu asiyepigiwa.

"Machi mwaka ule? Binti, Machi yote nilikuwa kitandani, wamenibadilisha goti. Muulize Lyle."

Lyle alikuwa Jaji Lyle Arbogast. Na Jaji Arbogast ndiye aliyekuwa mwombaji wa pili.

Chumba chake kilikuwa na zulia, vitabu vilivyopangwa kwa urefu, na dirisha linalotazama ziwa lililoganda. Alikuwa ametoka katika kampuni kubwa ya mawakili moja kwa moja hadi kwenye kiti cha ujaji, miaka ishirini na miwili iliyopita. Alimvutia Odessa kiti kwa adabu zote.

"Nitakusaidia ninavyoweza, Bi Pruitt. Wanda ni mchapakazi. Inanisikitisha."

"Unajua nimekuja kwa jambo gani?"

"Delphine ana mdomo, na jengo hili lina masikio. Barua hiyo kila mtu anayo."

Odessa aliitikia kwa kichwa.

"Umetikisa kichwa," alisema Arbogast. "Ni ndiyo?"

"Humu hamna kinasa sauti, Jaji."

Alicheka. "Mazoea. Kinasa hakioni, kinasikia tu. Shahidi akinyoosha kidole nisiposema, kumbukumbu inabaki na shimo. Mke wangu siku hizi haninyooshei tena kidole, anasema namharibia raha ya kugombana."

"Tarehe tatu Machi 2016. Ulikuwa mlezi wa Wanda Kosek?"

"Siku hiyo, hapana."

"Una hakika? Ni zamani."

"Nilikuwa chumba namba mbili, nasikiliza leseni za mikahawa. Tazama ratiba."

"Ratiba za vyumba hutupwa baada ya miaka saba."

"Ndivyo? Bahati mbaya." Alikunjua mikono. "Sitaki kumsema vibaya. Ila aliyepanda kutokea dirishani ana haraka, lazima umwelewe. Wengine tulikuja tukiwa tumeshaiva. Huenda mlezi alichelewa siku ile, yeye akaona aanze mwenyewe. Akaendelea, akamaliza. Inatokea."

"Inatokea?"

"Kwa wenye haraka."

Aliyasema kwa upole kabisa, na yaliingia pale pale ambapo Odessa alikuwa tayari ana shaka. Mlezi kachelewa, mwanafunzi kaanza mwenyewe. Ndiyo maana hakuna karatasi, ndiyo maana mama yule hataji jina. Alishuka ngazi akiwa na nusu ya ripoti kichwani.

Saa nne na robo alimwambia Delphine, "Nipe na la Arbogast. Nataka kulinganisha karatasi za walezi."

Delphine alilitoa kwenye sanduku la kijivu chini ya dirisha. Odessa alilifungua. Karatasi ya juu ilikuwa ombi la mwezi uliopita, la kiti cha Jaji Mkuu. Akafunua. Nyongeza ya mwaka juzi. Akafunua. Likizo ya ugonjwa ya miaka mitano nyuma. Alifunua mpaka chini kabisa, na huko chini ndiko alikokuta barua ya kuajiriwa, ya manjano kwa uzee.

Alilivuta la Kosek akaliweka kando yake. Juu, ombi la msichana wa miaka kumi na tisa. Chini kabisa, ombi la mwezi uliopita.

"Delphine. Njoo uone."

Karani alikuja akiburuta viatu, akatazama, akashika kiuno. "Khaa! Nani kaligeuza faili la watu hivi?"

"Si ndivyo lilivyokuwa?"

"Kwangu mimi? Faili la mtumishi, karatasi ya jana inakaa juu. Karatasi ikija unaichomeka juu, unafunga pini, basi. Ukitaka kuweka hivi inabidi utoe zote uanze upya. Nani ana muda huo?"

"Aliyetaka kutoa moja ya katikati," Odessa alisema. "Alizitoa zote, akachukua aliyoitaka, akazirudisha. Ila akazirudisha anavyojua yeye."

"Basi si karani huyo. Hata karani mlevi asingepanga hivi."

"Nani hupanga la kwanza juu?"

Delphine alitupa jicho kwenye dari, kule juu kwenye vyumba vya mashauri. "Majaji," alisema polepole. "Faili la shauri linaanza na lalamiko, kielelezo cha kwanza, cha pili, mpaka uamuzi. Wanasoma kama hadithi."

"Sanduku hili la kijivu ni la nini?"

"La waombaji. Mafaili mawili tu, yanasubiri madiwani."

"Nani ameliomba?"

Delphine alikaa chini. Sauti ilimshuka. "Odessa, nimebakiza miaka minne nistaafu."

"Nani?"

"Wiki mbili zilizopita. Jaji Arbogast alikuja kutazama faili lake mwenyewe, na ni haki yake. Simu ikalia, mtu ananitukana kwa sababu ya faini. Nikamsukumia sanduku zima. Akakaa nalo pale mezani mpaka nikamaliza kutukanwa. Kwenye daftari nikaandika lake tu."

"Yaandike hayo. Tia sahihi na saa."

"Watanifukuza."

"Wakikukuta umeficha ndipo watakufukuza. Andika."

Lakini majaji walikuwa wawili, na Odessa hakutaka kumruka hata mmoja. Alizichomoa karatasi ishirini hivi kutoka faili la Kosek, akazichanganya, akapanda nazo na faili lenyewe. Alimkuta Jaji Kosek koridoni, kati ya mbwa mmoja na mwingine, shahidi mwenye bendeji anamsubiri mlangoni.

"Zimeniponyoka," Odessa alisema. "Nisaidie kuzirudisha, mikono imeganda."

"Sasa hivi?" Jaji Kosek alimkazia macho, lakini mikono yake ilikuwa imeshazipokea. Alizigonga ukingo kwenye kizingiti cha dirisha, akalamba kidole, akazipanga haraka kuliko macho ya Odessa yalivyoweza kufuata, huku akimwambia shahidi asogee upepo usimpige. Akazichomeka kwenye pini. Ya zamani chini. Ya karibuni juu.

"Kwa nini ya zamani umeiweka chini?"

"Bi Pruitt, mtu akitafutiwa faili anatafutiwa jambo la jana. Nani hupanga kinyume?"

"Majaji."

"Shauri, ndiyo. Lakini hili ni la mtumishi. Ukishakaa dirishani miaka kumi na moja, mkono haukuulizi." Kisha alilitazama faili, akamtazama Odessa, na uso ukambadilika taratibu. "Umelikuta limepangwa kinyume."

"Nenda kwa mbwa wako, Jaji."

Bado haukuwa ushahidi. Mwanamke mwerevu angeweza kuhisi mtego na kupanga kama karani. Odessa aliteremka hadi chumba cha kumbukumbu, kilicho chini ya ardhi pamoja na mabomba, akaomba sauti ya kikao cha tarehe tatu Machi 2016. Ratiba hutupwa baada ya miaka saba. Sauti huhifadhiwa kumi. Mtu aliyezoea kuketi juu na kuamua huenda hajui hayo. Fundi alimpa vipokea sauti vya masikioni, akarudi kwenye mkate wake.

Kikao kilianza katikati ya sentensi; dakika nne za mwanzo, ambamo majina hutajwa, hazikuwepo, kama Jaji Kosek alivyosema. Sauti yake yenyewe ilisikika, changa zaidi, ina woga. Alimuuliza mwenye jengo. Alimuuliza mkaguzi wa majengo. Dakika zikapita na hakuna sauti nyingine iliyotoka upande wake. Odessa alianza kusikia baridi ya sakafu miguuni.

Dakika ya ishirini na sita aliitwa mpangaji, mzee mwenye kikohozi.

"Maji yalifika wapi, mzee wangu?" Wanda aliuliza.

"Hapa," alisema mzee.

Kiti kikalia. Ndipo ikaja sauti ya kiume, ya upole, karibu kabisa na kinasa: "Kwa ajili ya kumbukumbu: shahidi ameweka mkono juu kidogo ya goti."

Odessa alirudisha nyuma akasikiliza tena. Halafu mara ya tatu, kwa raha yake.

Saa tano kamili aliingia chumba chenye zulia bila kubisha, kinasa sauti chake mkononi. Alikiweka mezani, akakiwasha, taa nyekundu ikawaka.

"Jaji Lyle Arbogast, unaapa kwamba utakayosema ni kweli?"

"Vitisho hivi vya nini? Naapa."

"Tarehe tatu Machi 2016 ulikuwa mlezi wa Wanda Kosek?"

"Nimeshajibu. Hapana."

Odessa alicheza kile kipande. Mkono juu kidogo ya goti. Upepo wa ziwani ulikuwa ukitikisa kioo cha dirisha.

"Sauti ya nani hiyo?"

"Kanda ya zamani. Mtu yeyote anaweza..."

"Niicheze tena?"

Arbogast alimimina maji kwenye bilauri, akanywa kidogo. "Basi nilikuwepo. Nimesahau. Nina miaka sitini na nne, Bi Pruitt, kusahau si kosa."

"Si kosa kabisa. Na karatasi ya kumi na saba?"

"Habari za karatasi sizijui."

"Wiki mbili zilizopita ulipewa sanduku lenye mafaili mawili. Delphine Tuggle ameandika maelezo. Moja likarudi kama lilivyotoka. La pili likarudi limepinduliwa, mwanzo juu na mwisho chini. Karani hawezi kufanya hivyo. Kosek hawezi; nimemjaribu. Ninyi wawili mnaomba kiti kimoja, na ni wewe tu ambaye hujawahi kukaa dirishani hata siku moja."

"Mpangilio wa karatasi!" Arbogast alicheka, lakini kicheko kilikatika njiani. "Ukija na hoja hiyo mbele yangu naitupa kabla hujakaa. Huna hati. Huna aliyeniona. Una pini mbili na karani mwenye kinyongo."

"Ni kweli," Odessa alisema. Alifungua daftari, akatoa kofia ya kalamu. "Kwa hiyo nitaandika ninavyoona mimi, madiwani waamue. 'Jaji Arbogast aliichomoa karatasi ya ulezi namba kumi na saba, akaichanachana, akaitupa chooni.'"

"Usiandike hivyo."

"'Akaichanachana,'" Odessa alirudia, kalamu inakwenda, "'akaitupa...'"

"Mimi?" Arbogast alisimama. Shingo ilikuwa nyekundu hadi masikioni. "Mimi nichane hati ya kikao? Miaka ishirini na miwili nimeketi hapa, sijaharibu hata risiti! Nimewafunga watu midomo kwa kupoteza kielelezo, leo mimi nichane hati? Kila hati iliyopita mikononi mwangu ipo, ina tarehe, ina..."

Aliacha. Taa nyekundu ilikuwa ikiwaka mezani kati yao.

"Basi ipo," Odessa alisema.

Jaji Arbogast alibaki amesimama, ameshika ukingo wa meza. Kisha akaketi, akafungua droo ya chini kwa ufunguo uliokuwa kwenye mnyororo wa saa yake. Karatasi ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, safi, haina hata mkunjo. Kwenye pembe alikuwa amebandika kibandiko: tarehe aliyoichukua, na herufi za kwanza za jina lake.

"Niliambiwa kiti ni changu," alisema, akitazama ziwa. "Miaka sita nimeambiwa. Halafu wakamwongeza yeye kwenye orodha. Alikuwa anagonga muhuri bahasha zangu, Bi Pruitt. Nilimfundisha mimi. Namna ya kumnyamazisha wakili, namna ya kumsikiliza mtu anayelia. Yote mimi."

"Na barua nani aliiandika?"

"Unaiona sahihi yoyote?"

"Jaji, umeapa."

Alifumba macho. "Mimi."

Odessa aliichomoa karatasi kwenye mfuko. Namba kumi na saba. Tarehe tatu Machi 2016, chumba namba nne. Sahihi ya mlezi ilikuwa kubwa, ya wino wa bluu, inasomeka toka ng'ambo ya chumba. Juu yake palikuwa na mistari ya maoni, ile ambayo mwanafunzi haruhusiwi kuiona. Aliisoma kwa sauti, ili kinasa kisikie.

"'Amesahau kinasa dakika nne, nimemkaripia. Mengine ameendesha vizuri kuliko majaji wawili ninaowajua. Yuko tayari kupewa chumba chake. Huyu ipo siku ataomba na kiti cha Jaji Mkuu, na siku hiyo nisiulizwe mimi.'"

"Ulikuwa utani," Arbogast alisema.

"Najua."

Alizima kinasa. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika kumi na saba. Kutoka pale hadi meza ya Haverty ni ngazi mbili na korido moja. Lakini Odessa hakuondoka kwanza. Alisogeza bilauri ya maji pembeni, akaweka ripoti juu ya meza ya jaji, akayanakili maneno yale yote ya wino wa bluu, neno kwa neno, bila kuacha hata nukta. Kisha, chini yake, kwa mwandiko wake mwenyewe, akaandika:

*Ameulizwa.*